Mwongozaji wa Makumbusho Analipwa kwa Kipi?

Kutoka soko la Kariokor hadi Makumbusho ya Taifa ni mwendo wa miguu. Unakata Ngara, unafika Globe, unashika Barabara ya Kipande, na kabla jua halijakuchosha uko Museum Hill. Hata hivyo wengi ninaowajua katika mitaa ya Eastlands waliingia pale mara moja tu, wakiwa wanafunzi wa shule ya msingi, wamevaa sare, wameshikana mikono wawiliwawili, nyuma ya mwalimu anayehesabu vichwa kila kona. Ukiwauliza leo waliona nini, watakutajia nyoka. Bustani ya nyoka imo katika kiwanja hichohicho, na nyoka hahitaji kuelezwa.

Wakirudi wakiwa watu wazima, sasa na watoto wao, swali la langoni ni la pesa. Kiingilio cha raia kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 200 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto. Kwa kiwango hicho, baba, mama na watoto wawili ni 600, nauli na soda hazijaguswa. Kwa fundi wa ngozi anayeshona makubadhi pale sokoni, hizo ni pesa za kufikiriwa mara mbili. Halafu anatokea kijana mwenye kitambulisho shingoni, anawasalimu vizuri, anasema anaweza kuwazungusha na kuwaelezea. Atataka chochote. Wamkubali, au wamshukuru waende zao?

Wengi hukataa kwa sababu ya mfuko, na wachache hukubali kwa sababu ya aibu. Sababu zote mbili hazigusi kiini cha jambo. Msimamo wangu nauweka mapema: mwongozaji hulipwa kwa kile ambacho jicho haliwezi kukipata lenyewe. Jicho linaona umbo, rangi, ukubwa, ustadi wa mkono. Halioni kitu kilitoka kwa nani, kilifikaje ndani ya kabati la kioo, wala ni jina la nani lililoachwa nje ya kibao. Pale ambapo thamani ya kitu imo katika safari yake, lipa. Pale ambapo thamani yake imo katika kutazamwa, mwambie akungoje kidogo.

Tuanze na chumba cha mafuvu. Ndani yake imelazwa mifupa ya Mvulana wa Turkana, mtoto aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita karibu na Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ni miongoni mwa mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale iliyowahi kupatikana popote duniani. Kibao kinaweza kukuambia hivyo, na mtu akasoma, akatikisa kichwa, akaendelea na safari. Mwongozaji anayeijua kazi yake atakuambia kwamba Agosti 1984, siku ya mapumziko kambini, mtu wa Ukambani aitwaye Kamoya Kimeu alitoka kutembea kando ya mto mkavu akaona kipande cha mfupa kisichozidi kiberiti, rangi yake karibu sawa na ya kokoto zilizokizunguka. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alijifunza kuchimba na kutambua visukuku kazini, miaka na miaka chini ya jua. Mwaka 1985 alikwenda Washington kupokea nishani ya National Geographic Society mikononi mwa Rais Reagan. Alifariki 2022.

Nje ya jengo, karibu na lango, kuna sanamu ya mtafiti wa visukuku Louis Leakey ameketi. Mgeni hawezi kuikosa. Kamoya hukutana na mgeni pale tu ambapo mtu ameamua kulitamka jina lake, na hapo ndipo nguvu ya mwongozaji ilipo, na hatari yake pia. Mtu huyu wa mshahara mdogo, ambaye hata jina lake hatuliulizi, ndiye anayeamua nani atajwe na nani apitwe. Nimesimama nyuma ya kundi la wanafunzi wakati jina hilo lilipotajwa, na wale waliokuwa wanasukumana mlangoni wakasogea kwenye kioo kutafuta hicho kipande cha kwanza kiko wapi. Macho yaliyokuwa yamemaliza kutazama yalianza upya.

Kwa Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Kenyatta alimlinda kwa amri ya rais mwaka 1970 na ambaye sanamu yake imesimama uani, huhitaji mtu. Soma kibao, tazama pembe, piga picha na watoto. Hata kwenye ukumbi wa ndege mtoto mwenye udadisi na mzazi mwenye subira wanatosha.

Lakini jengo lenyewe linahitaji mtu. Lilifunguliwa 1930 likiitwa Coryndon Museum, kwa heshima ya gavana Robert Coryndon, na mizizi yake ni chama cha wapenzi wa viumbe na mimea kilichoundwa 1909, wengi wao wazungu wa utawala na mashamba. Kilichokusanywa, kilichoachwa, na mpangilio wa awali wa kuwaweka watu weusi na mila zao karibu na wanyama na mawe, vyote vina asili yao hapo. Hayo hayaandikwi kwenye kabati. Wala haviandikwi vilivyo mbali: mradi wa International Inventories, ambao Makumbusho ya Taifa ilishiriki pamoja na wasanii wa Nairobi na makumbusho za Ujerumani, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Maonyesho yake ya Nairobi mwaka 2021 yaliweka makabati matupu mbele ya watu. Kabati tupu bila wa kulieleza ni samani tu. Ukipewa dakika tano na mtu anayejua habari za vigango, zile nguzo za ukumbusho ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliofariki, jinsi zilivyong'olewa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa ng'ambo, na kwamba mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver ilitangaza kurudisha 30 kati yake, basi kila kipande cha mti kilichochongwa utakachokiona baadaye, popote pale, utakiuliza kilitokaje kwao.

Upande wa picha mambo hubadilika. Hapa watu hudhani mwongozaji ndiye anahitajika zaidi, kwa sababu sanaa huogopwa. Mtu wa Kariokor anayeweza kutofautisha ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe kwa kidole gumba akifumba macho, akisimama mbele ya mchoro hujiona hana haki ya kusema neno. Anamgeukia mwenye kitambulisho aambiwe maana. Naye mwenye kitambulisho, kwa wema, anamwambia. Kutazama kunakuwa kumekwisha kabla hakujaanza.

Tatizo la kutotazama ni la dunia nzima. Utafiti uliochapishwa 2001 na Jeffrey Smith na Lisa Smith uliwapima wageni wa Metropolitan Museum, New York, mbele ya kazi mashuhuri kabisa: wastani ulikuwa sekunde 27 kwa kila kazi, na nusu ya watu hawakuzidi sekunde 17. Waliporudia kipimo hicho miaka kadhaa baadaye huko Chicago, wastani ulikuwa karibu uleule. Kwa hiyo mtu anayetembea peke yake asijivunie uhuru wake upesi mno, maana uhuru mwingi wa makumbusho huishia kuwa matembezi ya kupita. Faida moja ya kweli ya mwongozaji, hata aliye wa kawaida, ni kwamba anakusimamisha. Miguu ikisimama, jicho nalo hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Ushahidi mzuri ninaoufahamu kuhusu ziara zenyewe unatoka Arkansas, Marekani. Makumbusho ya sanaa ya Crystal Bridges ilipofunguliwa 2011 huko Bentonville, shule zilizoomba kutembelea zilikuwa nyingi kuliko nafasi, ikabidi ipigwe kura. Watafiti Jay Greene, Brian Kisida na Daniel Bowen wakaitumia kura hiyo kulinganisha waliokwenda na ambao zamu yao ilikuwa haijafika: karibu wanafunzi 11,000 kutoka shule 123. Ziara ilikuwa ya takriban saa moja, na kwa kawaida watoto walitazama na kujadili picha tano. Wiki kadhaa baadaye waliokwenda walikuwa wakichambua picha mpya kwa uangalifu zaidi, na wakikumbuka habari za kihistoria walizozungumza. Faida ilikuwa kubwa mara kadhaa kwa watoto wa vijijini na wa shule za watu maskini, yaani wale ambao nyumbani hakuna anayewapeleka.

Ningependa kila mwalimu wa Starehe, Pumwani na Ziwani aione ile namba tano. Ziara za shule zetu hukusudia kumaliza jengo. Watoto hupelekwa kumbi zote, ndege, mamalia, mafuvu, historia, kisha nyoka, kisha basi, na mwongozaji analazimika kupaza sauti juu ya vichwa themanini akiharakisha kabla kundi linalofuata halijamkanyaga. Kisha tunasema watoto wa siku hizi hawapendi makumbusho. Benjamin Ives Gilman wa Boston, mmoja wa watu walioanzisha kazi ya waongozaji wa makumbusho mwanzoni mwa karne ya 20, alichapisha mwaka 1916 makala kuhusu uchovu wa makumbusho, yenye picha za mtu anayeinama, kuchuchumaa na kujinyonga shingo ili asome vibao. Miaka mia na zaidi imepita, na bado tunapima ziara kwa idadi ya vyumba.

Sasa chukua picha za mchoraji Joy Adamson. Serikali ya kikoloni ilimpa kazi mwaka 1949: achore watu wa jamii za Kenya katika mavazi yao ya jadi. Alichora mamia. Ukiingia na mwongozaji anayekuambia mara moja hili ni kabila gani na vazi hili ni la sherehe gani, utatoka na orodha ya makabila. Ukisimama kwanza peke yako mbele ya moja, dakika tatu, ukatazama macho yanaelekea wapi, mikono imewekwaje, mwili umekaa kwa raha au umeambiwa ukae, utakuwa na maswali yako mwenyewe: huyu alikuwa nani, aliombwa au aliamriwa, alilipwa nini, aliiona picha yake ilipokwisha? Hapo ndipo umwite mwongozaji. Akiyajibu, amepata ujira wake kwa haki. Akisema hajui, amekuheshimu vilevile.

Kusema hajui ni kipimo ambacho ningekiweka juu ya vyote, kwa sababu mwongozaji mbovu haonekani kwa kukosa maneno. Maneno anayo. Mfano ambao kila Mswahili angefaa kuufahamu uko Unguja. Wageni hupelekwa Mji Mkongwe kwenye vyumba vya chini vya jengo lililo jirani na kanisa kuu la Kianglikana, wakaambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungwa wakisubiri kunadiwa. Wanainama, wanaingia gizani, wanalia. Lakini wanahistoria wameeleza kwamba jengo hilo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Soko lilikuwepo mahali hapo, na mateso yalikuwa ya kweli kuliko chumba chochote. Hiyo ndiyo sababu inayoniuma: habari ya kweli na nzito kiasi hicho haikuhitaji kuongezewa chumba. Ila mwongozaji anayeishi kwa bakshishi hujifunza upesi ni hadithi gani inayofungua pochi, na hadithi ikishazoeleka, anayefuata huirithi bila kuiuliza.

Kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei, muulize swali moja ambalo huna jibu lake: jambo hili linajulikanaje? Anayekutajia chanzo, mchimbaji, mzee, kitabu au hata mzozo uliopo, mfuate. Anayekuambia ndivyo ilivyo, mshukuru kwa adabu.

Na simu je? Kifaa cha kusikiliza maelezo kilianza zamani, Stedelijk Museum ya Amsterdam ilikuwa nacho 1952, na leo kila mtu ana kifaa hicho mfukoni. Kinafaa kwa tarehe na majina. Hakiwezi kuona kwamba mtoto wako amechoka, wala hakiwezi kukuuliza wewe neno.

Maana kuna upande wa pili wa biashara hii ambao watu wa Kariokor ndio wa kuusemea. Vikapu vinavyouzwa pale sokoni vimesukwa na akina mama, wengi wa Ukambani, vikaja Nairobi; mafundi wa soko huvitia bitana, huvishonea mikanda ya ngozi na kuvifunga vishikizo. Kiondo hichohicho ukikiona nyuma ya kioo kina kibao cha mistari miwili. Niliwahi kumsikia mwongozaji mmoja, binti mdogo, akiacha maelezo yake katikati na kumgeukia mama mtu mzima aliyekuja na wajukuu.

“Mama, wewe umeshasuka?”

“Nimesuka tangu sijaolewa. Hii ni kamba ya zamani, si uzi wa duka. Iangalie kitako, usiangalie mdomo. Kwa kitako ndiyo unajua mkono wa mtu.”

Kundi zima likainama kutazama kitako cha kiondo, mahali ambapo nyuzi za kwanza hupishana na kazi nzima huanzia. Binti akauliza kamba hiyo ilitengenezwaje, na mama akaonyesha kwa mikono mitupu jinsi inavyosokotwa juu ya paja. Kwa dakika zile mwenye kitambulisho ndiye aliyekuwa mwanafunzi, na hakuna senti iliyopotea. Mwongozaji wa namna hiyo anastahili kulipwa zaidi ya yule anayejua kila kitu, kwa sababu anajua pia kwamba mgeni wake hakuja mtupu. Makumbusho yetu ikitaka watu wa Eastlands warudi, ingeanzia hapo: iwape waongozaji wake ruhusa na muda wa kuuliza, na ziara za Kiswahili zitangazwe langoni wazi, mtu asihitaji kuziomba kama hisani.

Kuna pia sehemu ambazo hakuna mwongozaji kabisa, na hasara yake inaonekana. Kwenye Kenyatta Avenue, katikati ya jiji, wamesimama watu watatu wa shaba waliozinduliwa 1928, kumbukumbu ya Waafrika waliohudumu katika Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja wao ni mpagazi. Huyo ndiye mtu wa Carrier Corps, kikosi ambacho mtaa wa Kariokor umebeba jina lake. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika vita vile vya Afrika Mashariki walikuwa mamia ya maelfu. Waliokufa, wengi kwa njaa, kuhara na uchovu, walizidi 40,000 kwa hesabu za serikali yenyewe, na wanahistoria wengi huiona hesabu hiyo kuwa ndogo mno. Majina mengi hayakuandikwa popote. Maandishi chini ya sanamu yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na maelfu hupita kila siku wakikimbilia matatu. Kijana mmoja wa Kariokor aliyefunzwa vizuri, akisimama pale Jumamosi na kundi la watu kumi, angefanya kazi ambayo hakuna ukumbi wa makumbusho unaoifanya kwa sasa.

Hali ni hiyohiyo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue. Nairobi nzima hukutania nje ya Archives, wachache huvuka mlango. Ndani, ghorofa ya chini, uko mkusanyiko wa Joseph Murumbi: vinyago, vitambaa, silaha, mapambo kutoka pembe zote za Afrika. Vimepangwa vizuri lakini vimekaa kimya. Huwezi kujua kwa kutazama tu kwamba mwenye navyo, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai, alikuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache ya 1966 kisha akaondoka madarakani, kwamba alitumia mali yake kununua kazi za Afrika ili zisiishie ng'ambo, wala kwamba alitaka azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965. Kaburi lake liko City Park, kando ya makaburi alikolala Pinto, limezungukwa na sanamu. Ukilijua hilo, kila kinyago cha Archives kinakuwa uamuzi wa mtu fulani, katika wakati fulani, wa kukataa kitu kipotee. Hapo ningelipa bila kusita, na mara nyingi hakuna wa kumlipa.

Basi familia ile ya shilingi 600 ifanyeje? Ningeishauri isizunguke jengo zima. Imchukue mwongozaji kwa saa moja, bei ikubaliwe langoni, lugha iwe Kiswahili, na imwambie inataka vitu vitano tu: mifupa ya Nariokotome, vitu viwili vya ukumbi wa historia ambavyo yeye mwenyewe anavipenda, picha moja ya Adamson baada ya wao kuitazama kwanza, na kimoja watakachochagua watoto. Kisha waagane, familia ibaki peke yake na ndege na ndovu kadiri miguu inavyoruhusu. Kama hela ya mwongozaji haitapatikana, waanzie Archives wiki inayotangulia, wasome habari za Murumbi na Kamoya Kimeu kwenye simu jioni, na mzazi awe mwongozaji. Na kama kuna nyanya anayejua kusuka, aende nao. Nauli yake itarudi mbele ya kabati la kwanza la vikapu.